Gia Haichomoki Yenyewe

Kwa miaka mingi gari lile lilikaa ndani ya gereji ya nyumbani, chini ya turubai la kijani, na watu wa nyumba ile walikuwa wamejifunza kulizunguka kama watu wanavyomzunguka mgonjwa aliyelazwa sebuleni. Ukitaka ndoo, unapita ubavuni kwake. Ukitaka ngazi, unainama chini ya kioo chake cha pembeni, kile kimoja kilichobaki. Hakuna aliyelitaja. Siku za mvua Mama Pacha alianika hata nguo juu yake, lakini alianika shuka na mapazia tu. Nguo ya mtu hakuwahi kuiweka pale, na hakuwahi kusema kwa nini.

Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe wake, mzee aliyechimba visima maisha yake yote. Lilikuwa gari la porini, la bati nene, refu kwenda juu, na mzee alilipa jina la Kobe kwa sababu, alisema, haliwahi lakini linafika. Mzee alipofariki lilibaki kwa mjane wake. Na siku mjane huyo alipofariki, alifia ndani yake.

Mzee na mkewe walikuwa na watoto wawili, wote wa kiume. Mkubwa alikuwa mkereza vyuma katika karakana kubwa ya mjini, mtu wa maneno machache na vipimo vingi, na watu walimwita Mkereza tu, hata mkewe, Mama Pacha, akiwa amekasirika. Mdogo alikuwa dereva wa malori, mwepesi wa mguu na wa ulimi, mtu ambaye akiingia msibani waombolezaji hulazimika kuficha vicheko kwenye leso. Mama yao alimwita Kitinda hata alipoanza kuota mvi, na jina likamganda.

Siku hiyo Kitinda alikuwa amempeleka mama yake mlimani kumwona mdogo wake wa kike, ambaye wao walimwita Mama Mdogo. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa mawe, Kobe lilikimbia, likashindwa kona, likaangukia korongoni. Kitinda alivunjika nyonga. Mama hakufika hospitali.

Siku chache baada ya mazishi familia ilikaa kikao nyumbani kwa Mkereza. Kitinda aliletwa kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, amekonda, macho yamemtumbukia.

"Gia ilichomoka," alisema. "Niliweka gia nzito tukiwa bado juu, kabla ya mteremko. Ikashika vizuri. Tulipofika katikati ikachomoka yenyewe, gari likawa jepesi kama karatasi. Nilikanyaga breki mpaka zikanuka. Kaka, ilichomoka."

Mjomba, aliyekuwa mkubwa wa kikao, akamgeukia Mkereza. "Wewe ndiye mjuzi wa vyuma hapa. Jambo hilo linawezekana?"

Mkereza alikuwa hajalala tangu mazishi. Hakuwa amekwenda kuliangalia gari, wala hakuwa amefungua hata bolti moja. Alichokuwa nacho kichwani ni picha ya mdogo wake akishuka milima na malori, gia ameitoa ili kuokoa mafuta, mkono mmoja dirishani, anaimba. Madereva wengi walifanya hivyo. Aliwahi kumwona kwa macho yake na wakacheka pamoja.

"Gia haichomoki yenyewe," akasema. "Gia inachomolewa."

Basi. Ulimi hauna mfupa, lakini huo ulivunja mtu. Maneno yale yalitoka chumbani kabla ya viti kukunjwa. Kufikia mwisho wa juma mtaa mzima ulijua kwamba Kitinda alimuua mama yake kwa ubahili wa mafuta, na vijana wa kijiweni wakampa jina jipya: Nyutro, gari lililotolewa gia. Kampuni ya malori haikumrudisha kazini. Mchumba wake alingoja kidogo, halafu hakungoja tena. Nyonga iliunga ikiwa imepinda, na mwisho wake Kitinda alipata kibarua kwenye kiwanda cha mbao upande wa pili wa mji, kazi ya kunoa misumeno, kwa kuwa hiyo mtu anaifanya akiwa amekaa.

Ndugu hao wawili hawakusemeshana tena. Kaburi la mama lilipojengewa, Mkereza alikwenda siku ya kazi na mafundi wake. Kitinda alikwenda siku nyingine, peke yake.

Kobe lilivutwa hadi gereji ya Mkereza kwa sababu hakukuwa na mahali pengine. Jirani mmoja aliuliza kama linauzwa, akaangaliwa kwa jicho lililomfanya asirudie kuuliza.

Miaka ikaenda. Karakana ya mjini ikafungwa, mashine za kukerezea zikapakiwa zikapelekwa kusikojulikana, na Mkereza akarudi nyumbani na boksi la spana na mikono isiyojua pa kukaa. Watoto wao mapacha walikuwa wameshakua na kuhamia mbali. Mama Pacha alikuwa mshonaji, cherehani yake iko chumba cha mbele, na hakuzoea kuwa na mwanamume mlangoni mchana kutwa.

"Baba Pacha," alimwambia asubuhi moja, sindano ikiwa mdomoni, "jana umepanga sufuria zangu kwa ukubwa."

"Zilikuwa hazijapangwa."

"Ziko hivyo tangu tuoane na hakuna aliyekufa njaa. Leo umeniuliza kwa nini uzi mweusi unaisha upesi. Kesho utaanza kukagua chumvi. Nenda gereji. Litengeneze lile gari au litoe, moja kati ya hayo."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu kulitaja gari ndani ya nyumba ile. Baadaye kidogo mkewe alisikia turubai likiburutwa.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba cha matofali ya saruji yasiyopigwa lipu, dirisha moja lenye wavu, sakafu imepasuka kutoka mlangoni hadi ukutani. Meza ya kazi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa, na pembeni pake jiliwa zito la kubania vyuma. Msimu ulikuwa wa mvua. Maji yalipita chini ya mlango yakatengeneza kijito kwenye ule ufa, na Mkereza alilala chini ya gari juu ya maboksi yaliyofunguliwa, mgongo umelowa, tochi imefungwa kichwani kwa mpira.

Injini ilikuwa nzima; aliizungusha kwa mkono ikazunguka. Bodi iliyobonyea aliiacha. Aliamua kushughulikia kwanza kila kinachopeleka nguvu kutoka kwenye injini hadi magurudumuni, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa ujanani: klachi, giaboksi kubwa, giaboksi ndogo nyuma yake, mapropela mawili, difu ya mbele na ya nyuma. Alianza na mapropela kwa kuwa ndiyo mepesi. Nati zilikuwa zimeoza na kutu, nyingine alizikata kwa tindo. Msalaba unaounga propela ya nyuma uliposagika mkononi mwake kama biskuti alifurahi kidogo, furaha ya fundi aonapo kosa lililo wazi. Difu zilimwaga oili nyeusi yenye harufu ya samadi. Aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa ndani ya beseni kuukuu la Mama Pacha, akapanga vipande juu ya gazeti kwa utaratibu ule ule aliokuwa amepangia sufuria.

Alikula vizuri siku hizo. Mara moja Mama Pacha alimsikia akipiga mluzi.

Kisha akafika kwenye giaboksi ndogo. Hiyo ndiyo inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, na ndiyo yenye ile gia nzito, gia ya milimani, inayofanya gari lishuke taratibu likijizuia kwa injini bila kutegemea breki. Aliishusha kwa mnyororo, akaibeba kifuani kama mtoto mkubwa, akaiweka mezani. Akaifungua kifuniko.

Hakuona kitu mara moja. Aliona matope ya oili. Alipoyafuta, kijiti kinachosukuma gia kikacheza mkononi pasipo kupinga, wakati kilipaswa kushikiliwa na gololi ndogo yenye springi nyuma yake. Akatoa springi. Ilikuwa vipande viwili, na pale ilipokatikia palikuwa pamelainika, paking'aa kwa kusuguana. Ilikatika zamani. Ilikatika na ikaendelea kufanya kazi ikiwa imekatika.

Akaitoa gia nzito yenyewe, akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

Yale meno madogo ya ubavuni, ambayo hushikana na wenzake gia inapoingia, yalipaswa kuwa na kingo kama za tofali. Yalikuwa ya mviringo, kama sabuni iliyotumika. Kwa upande mmoja tu. Mkereza aliitazama gia ile muda mrefu. Alijua kuusoma uchakavu wa chuma kama wengine wanavyousoma uso. Gari likivuta kupanda, meno namna ile hubanana na hutagundua lolote. Likisukumwa na mteremko, nguvu hugeuka upande, na meno yale hutelezeshana nje.

Alirudisha gia mahali pake. Akaibana giaboksi kwenye jiliwa, akaingiza gia nzito, akazuia upande wa injini kwa kabari ya mti, akashika upande wa magurudumu kwa spana ndefu na kuzungusha vile mteremko ungezungusha. Gia ikatoka. Haikupiga kelele hata kidogo. Iliteleza tu ikajiondokea, kama mgeni anayetoka kwenye sherehe bila kuaga.

Akaiingiza tena. Ikatoka. Akabadilisha mkono, akasimama upande mwingine wa meza, akazungusha polepole, akazungusha kwa nguvu. Ilitoka kila mara.

Mluzi haukusikika tena gerejini.

Kesho yake aliifunga gia kwenye kitambaa akaenda kwa Kibogoyo, muuza vipuri vilivyotumika nyuma ya soko la matairi, mzee ambaye kinywani mwake lilibaki jino moja la mbele la kumsaidia kukata kamba. Mkereza alikuwa ameshapata hoja ya kujitetea, na njia nzima alikuwa akiikazia nati.

"Gari lilipata ajali," alisema. "Liliangukia korongoni. Nafikiri meno haya yaliharibika siku hiyo ya kuanguka."

Kibogoyo aliigeuza gia kiganjani, akapitisha kidole gumba juu ya meno. "Ndugu yangu, mimi na mambo ya meno tumetoka mbali. Jino likivunjwa na ngumi linaacha ncha. Hili lina ncha?"

"Halina."

"Hili limeliwa. Taratibu, mwaka hadi mwaka, kama haya yangu." Akafunua ufizi. "Gari hili lilikuwa linatema gia kabla hata hujalijua. Tambarare halikwambii. Linasubiri mteremko."

"Sasa dereva angefanya nini?"

"Pale katikati?" Kibogoyo akamrudishia gia yake. "Angesali."

Mkereza alirudi nyumbani akaingia chumba cha mbele na viatu vyake vya matope, akaiweka gia mezani juu ya kitambaa cheupe ambacho mkewe alikuwa akikikata. Doa la oili likaanza kutambaa. Mama Pacha alifungua mdomo kufoka, akamwona uso, akaufunga.

"Kitinda alisema kweli," Mkereza akasema.

Mama Pacha aliweka mkasi chini. "Nilijua."

"Ulijuaje? Wewe unajua gia?"

"Sijui gia. Namjua Kitinda. Huyo angedanganya kuhusu umri wake, kuhusu wasichana wake, kuhusu nani kamaliza nyama. Kuhusu Mama asingedanganya."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, tena si mara moja. Kila nikianza unanyanyuka unakwenda kupanga spana." Alivuta kitambaa kutoka chini ya gia, akalitazama doa, akakikunja doa likiwa ndani. "Unakwenda lini?"

"Wapi?"

"Usiniulize wapi, Baba Pacha."

Lakini hakwenda. Alijiambia kwamba ni vizuri amalize kwanza, ili aende na kitu mkononi kilicho kamili. Akatafuta gia nyingine iliyo nzima, akabadilisha beringi zote, akafunga sili mpya. Pini ya uma wa kusukumia gia ilikosekana sokoni. Akaenda kuomba mashine kwa mtu aliyewahi kumfundisha kazi, akaikereza mwenyewe, ikatoka nzuri kuliko ya kiwandani. Alikaza bolti, akafungua, akakaza tena. Kila alipofunga kitu aliona kingine cha kurudia. Mama Pacha alimletea chai akasimama mlangoni akimwangalia.

"Unaunga gari," aliuliza, "au unajificha chini yake?"

Siku hiyo alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikawa vyekundu, akaenda.

Kiwanda cha mbao kilikuwa kimeezekwa bati bila dari, na mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba watu waliongea kwa kupaaza sauti. Kitinda alikuwa kwenye kona, juu ya kigoda, mguu mbovu ameunyoosha mbele, msumeno mrefu umebanwa magotini mwake, anaunoa kwa tupa. Nywele zilikuwa nyeupe kwa mvi au kwa unga wa mbao, haikujulikana. Mkereza alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila kuona mdogo wake amezeeka.

"Habari za hapa?"

Kitinda aliinua uso, akamtambua, akaushusha tena. "Salama. Unataka mbao?"

"Sitaki mbao."

"Basi umepotea. Hapa tunauza mbao."

Mkereza alikifungua kitambaa, akaishika gia mbele yake. Kitinda hakuigusa, lakini tupa ilisimama juu ya jino la msumeno.

"Ya Kobe?"

"Ndiyo. Gia nzito. Meno yameisha upande mmoja, na springi ilikatika zamani. Ilikuwa inachomoka."

"Ilikuwa inachomoka," Kitinda akarudia. "Nani amekwambia?"

"Nimeiona mwenyewe. Nimeijaribu mezani."

"Umeijaribu mezani." Akapuliza vumbi la chuma kwenye msumeno. "Kwa hiyo chuma kimekwambia, ukakiamini. Mimi nilikwambia nikiwa nimevunjika mfupa, mbele ya Mjomba na Shangazi, ukanikatalia. Basi mimi si ndugu yako. Ndugu yako ni hicho ulichokishika."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Na hilo nalo tuliweke mezani tulijaribu?"

Mkereza alisimama tu. Hapakuwa na pa kukaa. Mfanyakazi mmoja alipita na ubao begani akawaambia wajihadhari na vichwa vyao, na wote wawili wakainama kwa pamoja, kama zamani walivyoinama chini ya kamba ya nguo ya mama yao. Kitinda akapiga tupa mara kadhaa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na Mkereza ilimbidi asogee ili asikie.

"Hujawahi kuniuliza ilikuwaje. Ulijua kwamba hakufa papo hapo?"

"Hospitali walisema alifia njiani."

"Alikaa sana. Mimi nimebanwa na usukani, yeye kaniegemea hapa." Akagusa bega lake la kushoto kwa tupa. "Tukawa tunaongea. Mama Mdogo alikuwa amempa mayai, amempakatisha kikapu. Akaniuliza, yamepasuka? Nikamwambia hakuna hata moja lililopasuka. Nayo yanachuruzika kwenye kioo, kaka, yanachuruzika mbele yetu. Akasema afadhali. Akasema anasikia baridi. Halafu akasema, 'Kaka yako atakufokea. Mwambie nimesema asikufokee.'"

Mvua iliendelea juu ya bati.

"Kwa nini hukuniambia?" Mkereza aliuliza, na kabla sentensi haijaisha angetoa chochote airudishe.

"Nilikuja kikaoni nikiwa nayo hapa," Kitinda akasema, akijigusa koo. "Ukawahi kusema wewe."

Akaugeuza msumeno upande wa pili, akatafuta mahali pa kuanzia. "Nenda. Chukua chuma chako. Nina kazi."

Mkereza hakumbuki alifikaje nyumbani. Mama Pacha anasema aliingia moja kwa moja gerejini, akakaa kwenye kiti cha abiria cha Kobe, mlango wazi, miguu nje kwenye maji, na alipomwendea alimkuta analia bila sauti, mdomo wazi, kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Hakumwambia kitu. Alimvua viatu.

Baada ya hapo alifanya alichoweza. Alimwomba Mjomba aitishe kikao, na ndugu wakaja nyumbani kwake, wengine wakiegemea fimbo. Mkereza alisimama na kusema kwamba aliposema gia haichomoki yenyewe alisema asichokijua. Alisema gia ilichomoka, na kwamba Kitinda hakuwa na kosa lolote. Aliipitisha gia mkono kwa mkono. Ndugu waliupokea ukweli ule kama mtu anavyopokea kikombe cha chai ambacho hakukiomba: walishukuru, wakakiweka chini. "Yaliyopita si ndwele," Mjomba akasema. Shangazi alipangusa oili vidoleni akasema kumbe basi ilikuwa bahati mbaya tu, hakuna mwenye lawama, na mtu akauliza kama mvua hii itaisha. Kitinda alikuwa amealikwa. Hakuja.

Mkereza alikwenda mpaka kijiweni, akawaeleza. Wale vijana wa zamani walikuwa wametawanyika, na hawa wapya waliokuwa wakimwita Kitinda kwa lile jina hawakujua hata lilitoka wapi. Walidhani anaitwa hivyo kwa ajili ya kuchechemea. Alikwenda kampuni ya malori. Aliyemfukuza Kitinda hakuwepo tena, na aliyekuwepo alimsikiliza kwa heshima, kisha akamuuliza anataka nini hasa. Uongo ule ulikuwa umekwenda kwa miguu yake wenyewe, ila ukweli ilimbidi aubebe nyumba hadi nyumba, na kila nyumba walikuwa wameshahama.

Kobe alilimaliza kwa sababu Mama Pacha hakumruhusu kuliacha. Alirudisha giaboksi, akafunga mapropela, akajaza oili mpya kwenye difu, akanyoosha bodi, akaweka kioo kipya. Alipowasha, moshi ulijaa gereji na kuku wa jirani wakakimbia. Alilipeleka peke yake kwenye barabara ya mawe inayopanda hadi kwenye tangi la maji, na akiwa juu akaweka gia nzito, akaondoa mguu kwenye breki, akaliachia. Lilishuka taratibu, likinguruma, likijizuia lenyewe, mkono wa gia umetulia tuli. Lilifanya kazi kama lilivyopaswa kufanya siku ile nyingine. Alipofika chini alizima injini, akakaa, na hakuhisi chochote cha kuitwa furaha.

Nyonga ya Kitinda ilizidi kuwa mbaya msimu ule. Mama Pacha ndiye aliyejua, kwa maana yeye hakuwahi kuacha kwenda kule kiwandani na suruali alizomshonea, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na hilo mumewe alilijua sasa tu. Hospitali kubwa ilikuwa imempa Kitinda siku ya kuonana na daktari wa mifupa.

"Huwezi kupanda basi na mguu huo," Mama Pacha alimwambia shemeji yake. "Baba Pacha atakuja na gari."

"Gari lipi?"

"Unalijua."

Kitinda alipiga tupa kwenye msumeno mpaka Mama Pacha akadhani amekataa. Kisha akasema, "Aje mapema. Foleni ni ndefu."

Mkereza alifika mapema mno akangoja nje. Kitinda alitoka na gongo lake, akalizunguka gari lote pole pole, akiangalia bati lililonyooshwa, kioo kipya, magurudumu. Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Alifungua mlango wa nyuma, akajivuta ndani kwa mikono, akaketi. Mkereza aliendesha bila kuwasha redio, na kwenye kila kishuko, hata vile vidogo ambavyo mtoto wa baiskeli havioni, aliona kwenye kioo vidole vya mdogo wake vikikaza ukingo wa kiti.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu la mbao, ukuta wa rangi mbili, watu wamejaa. Walikaa karibu kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Mwanamke mmoja aliwauliza kama wao ni ndugu, wamefanana sana masikio, na Kitinda akajibu, "Ndivyo wanavyosema," na mwanamke akacheka.

Muuguzi alipomwita, Kitinda alisimama, akajaribu kuvua koti na gongo likamteleza. Akalivua kwa shida, akabaki nalo mkononi, akatazama kulia na kushoto. Halafu akalinyoosha koti bila kugeuka.

"Shika."

Mkereza akalipokea. Lilinuka mbao mbichi. Nafasi ilikuwa imebaki kwenye benchi, lakini hakuliweka. Alilishika magotini muda wote ule mlango ulipokuwa umefungwa.

Kitinda alitoka polepole kuliko alivyoingia.

"Amesemaje?"

"Amesema iliunga vibaya. Amesema wangeiwahi ile miaka ya mwanzo..." Hakumaliza. "Amesema nizoee gongo."

Mkereza alisimama, akamfungulia koti. Kitinda alipitisha mkono mmoja, kisha akapapasa nyuma akitafuta mkono wa pili wa koti na asiupate, gongo likimzuia, na kaka yake akaushika wazi, akasubiri, mpaka ukapatikana. Wakaondoka ukumbini kwa mwendo wa yule asiyeweza kuharakisha.